Afande Amesema Tusuke

Sauti yake ndiyo niliyokutana nayo kwanza. Nilikuwa mwalimu mpya wa Kiswahili, nimesimama katika ofisi ya mwalimu mkuu nje kidogo ya Rodi Kopany, nimevaa viatu vya kisigino ambavyo matope ya huku yalikuwa yameshavimaliza, mara nikasikia mtu ananguruma uwanjani: "Kuruta wote, foleni! Kusoto, geuka!" Nikajua tumevamiwa. Mwalimu mkuu hakuinua hata macho.

"Ni chakula tu," akasema. "Kimbia, Madam. Akishafunika sufuria, hata mimi hanipi."

Huyo ndiye Mpishi. Jina alikuwa nalo, lakini shule nzima ilimwita hivyo, na wazee wa sokoni walimwita Nyar Tanganyika, yaani binti wa Tanganyika, kwa kuwa aliolewa hapa kutoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Shirati, ambako wanasema Kijaluo kama chetu. Alikuwa mfupi, mpana, na mwiko wake wa ugali ulimzidi kimo. Alitembea nao begani. Ukikutana naye asubuhi akitoka stoo, mwiko begani na debe la maharagwe kichwani, ulimpisha njia hata kama wewe ndiye mgeni rasmi kutoka Homa Bay. Mmoja aliwahi kukataa kumpisha. Alipakwa uji kwenye suti, naye ndiye aliyeomba radhi.

Mimi ni Mjaluo wa Oyugis, kwa hivyo nina ruhusa ya kusema haya: sisi na sauti ya "sh" hatujawahi kuelewana. Chuoni niliitafuta mpaka nikaipata, na tangu niipate nimekuwa mkali juu yake kama mlevi aliyeacha pombe jana. Mpishi hakuitafuta. Kwake shule ilikuwa sule, shida ilikuwa sida, na shati langu jipya lilikuwa sati. Nilimsahihisha mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu akanipa mfupa usio na nyama, nikaelewa kwamba somo limekwisha.

Na alikuwa na msemo kwa kila jambo. Mwanafunzi akilia njaa kabla ya mtihani, alimwongezea ukoko wa ugali na kusema, "Mwenye njaa hana sabaha." Mwalimu mkuu akilalamika kwamba maharagwe yanaisha haraka, alimjibu, "Risasi ikikukosa, imekwenda. Njaa ikikukosa leo, kesho itarudi." Na mtu akijaribu kuruka foleni, awe mwalimu au mjumbe wa halmashauri ya shule, aliambiwa mbele ya watoto, "Maharagwe hayajui cheo." Nilisimama kwenye foleni hiyo miaka yangu yote, nyuma ya watoto niliowapa adhabu asubuhi, nao walifurahia sana kunitangulia.

Foleni yenyewe ilikuwa na utaratibu wake, ambao sijauona shule nyingine. Mpishi hakupakua kimya kimya. Aliwaita watoto kwa majina, na aliyeitwa alijibu "Afande!" na kusogeza sahani. Ikiwa mtoto hayuko, labda anaumwa, labda amechelewa kwa sababu ya mto kufurika, hakuachwa. Yeyote aliyekuwa karibu alipaswa kupaza sauti: "Mwekee!" Hapo Mpishi alipakua sahani, akaifunika na nyingine, akaiweka juu ya tofali karibu na moto. Na hata siku ambayo watoto wote walikuwepo, sahani moja ilifunikwa na kuwekwa pale pale. Kulikuwa na kijana mmoja mchelewaji sugu, kwao ni mbali kule njia ya Rongo, aliyeishi kwa sahani hiyo tangu kidato cha kwanza hadi cha nne. Ninamtaja kwa sababu tutakutana naye tena, akiwa amenenepa.

Sasa usifikiri mtu huyu hakuwa na woga. Mtu aliyekwenda vitani na kusikia mizinga alikuwa akimwogopa chura. Si nyoka, nyoka alimpiga mwiko mmoja tu na kuendelea kusonga ugali. Lakini chura akiruka jikoni, Mpishi alipanda juu ya meza ya kukatia sukuma wiki na kupiga yowe, "Uwi, yawa! Mwondoeni huyo nduli!" Na huko juu ya meza aliendelea kutoa amri, huku amekusanya sketi hadi magotini.

Pia alikuwa Msabato wa kweli. Jumamosi hakugusa moto, na samaki asiye na magamba hakuingia jikoni mwake, hata kama mwalimu mkuu amemnunua kwa bei ya kutupwa kutoka Mbita. Lakini nikimuuliza vitani walikula nini, aliangalia kando. "Vitani tulikula kilichokuja, Mwalimu. Mungu mwenyewe aliona foleni ilivyokuwa ndefu, akafumba jicho moja."

Vita hivyo ni vile vya Kagera, Tanzania ilipopigana na Uganda, Mpishi akiwa msichana. Jinsi alivyoingia jeshini ni aibu tupu. Alikuwa amempelekea mjomba wake uji kwenye mafunzo ya mgambo. Mkufunzi akapiga kelele kila mtu apange mstari, naye akapanga, kibuyu mkononi. Kufikia jioni alikuwa amepewa bunduki ya mti na kufundishwa kutambaa. Kufikia mwisho wa wiki mjomba alikuwa ametoroka na yeye amebaki. "Ningeondoka vipi?" alikuwa akisema. "Kibuyu walikuwa wamekichukua." Walipogundua kwamba anaweza kupika chungu cha watu wengi bila kuunguza, walimnyang'anya bunduki ya mti na kumpa mwiko. Akavuka ziwa kwa meli kutoka Mwanza hadi Bukoba akitapika njia nzima, pamoja na wanawake wengine wa jikoni, kwenda kumpiga nduli. Ndivyo walivyomwita jenerali wa upande wa pili, na Mpishi hakuwahi kumpa jina jingine.

Kila mwaka, wiki ya sikukuu ya mashujaa, mambo mawili yalitokea. La kwanza, Mpishi alikuja kazini amesuka nusu ya kichwa. Upande wa kulia mistari safi, imebana, inang'aa mafuta; upande wa kushoto nywele zimesimama ovyo. Alikaa hivyo wiki nzima, bila kitambaa. Watoto wapya walicheka hadi wakapaliwa na nyoyo, ndivyo sisi Wajaluo tunavyoita mahindi na maharagwe ya kuchemsha, ambayo si chakula cha kuchekea. Ukimuuliza, alijibu, "Nusu nyingine inangoja." Mzee wa kanisa alimwendea, akamwambia kwa upole asuke yote au asisuke kabisa, maana mapambo nusu ni majivuno nusu. Mpishi akamwuliza kama majivuno yana kipimo cha kilo. Mzee huyo hakuja tena.

La pili, alisimulia hadithi yake. Shule nzima tuliijua, na shule nzima tulikuja kuisikiliza.

Walikuwa wamepiga kambi kilimani, ng'ambo ya mto Kagera, jiko liko juu na wanajeshi wako bondeni. Siku hiyo Mpishi alikuwa bondeni kupeleka chai. Ofisa wao akamwambia, "Pandisha amri. Waambie wanawake washuke, upesi, lori limefika." Mpishi akapanda kilima mbio, akafika anahema, akatangaza: "Afande amesema tusuke!"

"Tusuke nini?" wanawake wakauliza.

"Tusuke! Upesi!"

Basi. Amri ni amri. Tena ilikuwa amri nzuri kuliko zote walizowahi kupewa. Vichwa vyao vilikuwa havijaona kitana tangu Bukoba, na chawa walikuwa wameanzisha kambi yao wenyewe. Wakaketi mstari mmoja kwenye nyasi, kila mmoja akimsuka wa mbele yake. Hata wimbo ukaanza. Mara mizinga ikaanguka bondeni. Ikalitandika lori, ikaitandika barabara, kilima hakikuguswa. Moshi ulipopungua, ofisa akatokea anatambaa, kofia imechanika, akiamini anakuja kukusanya maiti. Akawakuta wanawake wake wote wamepangana kama shanga, na vitana mikononi.

"Nani amewaambia msuke?" akapiga kelele.

"Ni wewe, Afande," wakajibu kwa pamoja.

Hapo watoto walianguka chini kwa kicheko. Mimi pia nilianguka, mwalimu wa lugha, nikishika mbavu. Mpishi alingoja tucheke tumalize, akapiga sufuria kwa mwiko, na foleni ikaanza.

Kila sikukuu ilipofika, baada ya hadithi, alivaa gwanda lake la kijani, ambalo kwa kweli lilikuwa koti la mvua, akaenda uwanjani kumwona chifu. Hakuomba kiti chini ya hema. Hakuomba kutajwa. Aliomba jina moja lisomwe pamoja na majina ya mashujaa: Robi.

"Mama, hiyo vita haikuwa yetu," chifu alimwambia. "Ilikuwa ya Tanzania na Uganda. Sisi tulikuwa tunaangalia tu."

"Na kuangalia ndiko mnakopigiwa makofi kila mwaka?"

"Sasa huyo Robi si ni Mtanzania?"

"Robi ni wa huku. Mkuria. Alizaliwa upande wa Migori, akalelewa na sangazi yake Musoma."

"Basi si aende atajwe Migori?"

"Migori wamesema alikufa ng'ambo, atajwe ng'ambo."

Chifu alifungua mikono yake kama mtu aliyeletewa kesi ya mipaka ya shamba, na mwaka ukapita. Nilidhani Robi alikuwa mwanajeshi fulani, labda mchumba. Nilimtania hivyo. Hakucheka, nami nikashangaa, maana mizaha ya wachumba ndiyo aliyoipenda kuliko yote.

Alipokaribia kustaafu, aliniomba nimsindikize Isebania, kule mpakani, siku ya soko. Alisema anataka kutafuta watu wa Robi; wao wakisema ni mtoto wao, huenda Migori wakasikia. Tukaenda. Mpishi alisimama katikati ya safu za nyanya, akajaza kifua, akapiga ile sauti ya foleni: "Robi!"

Wololo! Nusu ya soko iligeuka. Kwa Wakuria, Robi ni kama Akinyi kwetu. Akaja Robi wa ndizi, akaja Robi wa mitumba, akaja bibi kizee Robi na mjukuu wake Robi. Mpishi aliwauliza wote, mmoja mmoja, kama kuna Robi wa kwao aliyekwenda vita vya Kagera hakurudi. Walimpa pole, walimpa ndizi, mmoja alijaribu kumuuzia godoro. Hakuna aliyemjua. Nilikuwa ninacheka mpaka nilipomwona ameketi juu ya gunia la mtu, mwili wote umelegea, ndizi mkononi. Hapo ndipo aliponipa nusu ya hadithi ambayo hatukuwahi kuisikia.

Robi ndiye aliyekuwa mbele yake kwenye ule mstari. Mikono ya Mpishi ndiyo iliyokuwa kichwani mwake. Alikuwa amemaliza upande wa kulia. Robi, aliyelelewa mjini na kusoma, akasema, "Jamani, mwanaume gani huyu wa kuamuru watu wasuke?"

"Akasema, 'Afande hakusema suka. Amesema suka.'" Mpishi alinitazama. "Umeelewa, Mwalimu?"

Sikuelewa.

"Si suka!" Akasokota vidole hewani, anasuka. "Ni suka!" Mkono ukateremka kutoka kifuani hadi kwenye gunia.

Nilielewa. Kicheko kilikuwa bado kinywani mwangu, nikakosa pa kukipeleka.

Wanawake walimzomea Robi. Walimwambia akae, Kiswahili chake cha Musoma asiwaletee. Naye alikuwa mcheshi, akacheka pamoja nao, akainuka na nusu ya kichwa. "Ngoja nikamuulize mwenyewe," alisema. Maharagwe yalikuwa yameiva. Alipoanza kuteremka aligeuka: "Niwekeeni changu! Nakuja!"

"Tulimwekea," Mpishi aliniambia. "Sote tulisikia vibaya, tukabaki. Yeye peke yake alisikia sawa." Akamenya ile ndizi, akaitazama, akanipa mimi. Ofisa alipowakuta na vitana alicheka hadi akaketi chini, kisha akalia, na hadithi tuliyoijua ilikuwa inaishia hapo kwenye kicheko kwa sababu Mpishi alikuwa akiikata.

Njiani kurudi aliniambia jambo jingine. "Mwalimu, nifundise lile neno lake. Neno moja tu. Mengine nitakwenda nayo hivi hivi kaburini. Siku wakinipa nafasi ya kumtaja, nataka nilitamke kama yeye."

Nimefundisha watoto wagumu, lakini huyu! Kila Jumapili alikuja kwangu. Nilimwambia afukuze kuku: "Shii!" Akasema "Sii!" na kuku wakamkaribia, wakidhani wanaitwa kula. Nilimwambia anyamazishe mtoto. Nilimwambia aige mafuta ya moto yakiguswa na maji. "Hayo mafuta yanasema s," alinijibu, "nimeyapikia miaka yote, nayajua." Tukagombana, tukanywa chai, akaenda. Mwaka ukaisha, mwingine ukaingia. Alistaafu. Shule ikaleta wapishi wapya, wapole, na sahani ya juu ya tofali ikakoma. Mguu wake ukaanza kuvimba. Nilianza kuogopa, nasema wazi, kwamba atakufa bila jina lile kutajwa popote, na kwamba litabaki kwangu, na mimi si mtu wa kupiga kelele uwanjani.

Sikukuu iliyopita nilimpeleka kwa pikipiki. Uwanja wetu una mteremko; mahema yako chini, sisi wananchi juu kwenye nyasi. Nusu ya kichwa chake, nyeupe kabisa siku hizi, ilikuwa imesukwa. Nilikuwa nimemwona chifu mpya asubuhi, nikamsihi. Ndiye yule mchelewaji wetu wa njia ya Rongo, sasa ana kitambi na fimbo. "Madam, hii programu ni ya wakubwa," aliniambia, anajikuna shingo. "Nitaona." Nimefundisha miaka mingi, najua "nitaona" ina maana gani.

Wakubwa walihutubu hadi kivuli kikahama. Halafu chifu akachukua kipaza sauti. "Sasa masujaa wetu wote wasuke hapa mbele! Masujaa, sukeni!"

Wazee wakaanza kuteremka na mikongojo yao. Nilimtazama Mpishi kwa pembe ya jicho. Alikuwa ameuma midomo.

"Na kuna mama mmoja hapo juu," chifu akaendelea, na sauti yake ikawa si ya chifu tena. "Huyu mama amenilisha. Ana jina anataka kutaja. Mpishi, suka, mama. Kuja utaje."

"Sisuki!" Mpishi aliunguruma. Uwanja mzima uligeuka. "Mimi nilibaki juu siku ile, na leo nitabaki juu. Nitamtaja kutoka hapa hapa!"

Alinishika bega, akasimama. Akanyoosha mgongo, mikono ubavuni, koti la mvua limefungwa hadi shingoni. Hakuhitaji kipaza sauti, hakuwahi kukihitaji.

"Robi!" aliita. "Robi wa Kuria! Robi aliye..." Akasimama. Nikaona taya linatafuta. Nikajikuta nami nimechongoa midomo, kama mama anayemlisha mtoto uji. "Robi aliyeshuka!"

Sh. Safi kabisa. Ningeweza kuruka.

Chini ya hema mgeni mmoja wa kaunti alimwinamia mwenzake kuuliza Robi ni nani. Mpishi alibaki amesimama, anangoja, kama alivyongoja kwenye foleni.

Kisha kipaza sauti kikakwaruza. "Mwekee!" alisema chifu.

"Mwekee!" akajibu mwanamke muuza soda nyuma yetu. "Mwekee!" wakajibu waendesha pikipiki langoni, na karani wa soko, na daktari wa ng'ombe, kuruta wake wote waliokwisha kuwa watu wazima, "Mwekee! Mwekee!" mpaka mgeni wa kaunti, bila kujua ni kitu gani, naye akainua mkono na kusema mwekee.

Mpishi aliketi kwenye nyasi polepole, mguu ukiwa umenyooka mbele. Alitoa kitana mfukoni mwa koti, akanikabidhi, akanigeuzia upande wa kushoto wa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na mimi nilikuwa siwezi kuona vizuri.

"Umesema nini?" nilimuuliza, maana alikuwa amenong'ona jambo. "Shuka au suka?"

"Suka, Mwalimu," akasema. "Leo ni suka."

Nilianza. Sijawahi kuwa msusi mzuri.

"Yawa, polepole!" akapiga yowe. "Unasuka au unalima?"